Aliyesimama Nyuma kwenye Foleni

Mwanafunzi mmoja ninayemfundisha falsafa ya sheria hapa Kisumu aliniuliza: "Mwalimu, nikimpa karani kitu kidogo, naye akaridhika, nami nikapata leseni yangu mapema, ni nani aliyeumia?"

Wengi wangejibu kwamba ni hazina ya umma, lakini katika mfano wake ada halali ililipwa yote. Aliyeumia ni mtu ambaye wawili hao hawakumtaja: mama aliyepanda matatu alfajiri kutoka Ahero, akasimama kwenye foleni, na faili lake likasukumwa chini. Mwaka 1785 mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliandika kwamba utu wa binadamu, uwe wako au wa mwenzako, usitumiwe kamwe kama chombo tu. Nakiri kuwa kauli hiyo haimtoshi mama huyu, kwa sababu yeye hakutumiwa hata kama chombo. Alihesabiwa kuwa hayupo.

Kifungu cha 73 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinayaita mamlaka ya afisa wa dola, kama vile waziri au jaji, amana ya umma, na kinataka yatumiwe kwa namna inayoonyesha heshima kwa watu. Karani si afisa wa dola, ila Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012 inayafikisha masharti hayo hadi kwake. Amana, kama tujuavyo, ni kitu ulichowekewa na mwingine, nacho hakigawiwi hata kwa nia njema.

Nia njema ndiyo inayonisumbua zaidi. Afisa anayempa binamu yake kazi hakukosa kuwajali wengine. Anamjali mtu anayemfahamu kwa jina, aliyekula naye, ambaye wazazi wake huenda walichangia karo ya afisa huyo. Kifungu hichohicho kinautaja upendeleo wa jamaa sambamba na ufisadi, na nadhani kinafanya vizuri, kwa kuwa wema ule umelipwa kwa nafasi ya mtu asiyejulikana ambaye pia ana binamu zake.

Mwanafunzi hakukubali upesi. Aliuliza habari za yule ambaye, asipotoa, hahudumiwi kabisa, na akanikumbusha kwamba mkono mtupu haulambwi. Sheria ya Hongo ya 2016 inamwadhibu anayetoa na anayepokea. Mimi sidhani makosa yao yanalingana: anayetoa ili aruke foleni amempuuza mama wa Ahero, ilhali anayelazimishwa kununua haki yake mwenyewe yuko pamoja na mama huyo, upande wa waliodhulumiwa.