Kanda ikitaka chama chake: Katiba ya Uganda inasema nini

Katika mikutano ya elimu ya uraia, hasa West Nile, Karamoja na Teso, kanda za kaskazini na mashariki mwa Uganda, kuna swali ambalo halikosi kuulizwa: kwa nini na sisi tusiwe na chama chetu, cha watu wa huku, kitusemee Kampala? Mara nyingi anayeuliza si mwanasiasa. Ni mwalimu, mwenye duka, au mama anayeuza samaki. Na swali lake lina msingi. West Nile ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, ikitegemea jenereta na bwawa dogo la Nyagak, wakati umeme wa Jinja ukiuzwa hadi Kenya. Mtu aliyeishi gizani namna hiyo hahitaji kuelezwa maana ya kutowakilishwa.

Kisheria, jibu ni hapana. Ibara ya 71 ya Katiba ya 1995 inataka kila chama cha siasa kiwe na sura ya kitaifa, na inakataza uanachama kujengwa juu ya jinsia, kabila, dini au mgawanyiko mwingine wa aina hiyo. Sheria ya Vyama na Mashirika ya Kisiasa ya 2005 ikaongeza masharti ya vitendo. Anayetaka kusajili chama hupeleka Tume ya Uchaguzi katiba ya chama pamoja na orodha ya wanachama wasiopungua 50 katika kila wilaya, na wilaya hizo ziwe theluthi mbili ya wilaya za nchi, kanda zote zikiwemo. Uganda sasa ina wilaya zaidi ya 130, kwa hiyo orodha hiyo si ya kukusanya wikiendi moja.

Watu wengi huliona sharti hili kama ukuta tu. Mimi naliona tofauti, na naomba tukae nalo kidogo.

Chukua karatasi yenyewe ya orodha hiyo: jina kamili, anwani, na kila aliyeandikwa awe anakaa wilaya ile au ameandikishwa kupiga kura huko. Sasa mtu ametoka Arua, huko West Nile, amefika Kisoro, kusini-magharibi kabisa, na karatasi hiyo mkononi, anaongea na mkulima wa viazi. Atamwambia nini? Akisema "West Nile imesahaulika", mkulima atampa pole na kurudi shambani. Lakini akisema kwamba Ibara ya 193 ya Katiba imeweka ruzuku ya usawazishaji, yaani fedha za kuzifikisha wilaya zilizobaki nyuma kwenye kiwango cha wastani wa taifa katika huduma kama shule, afya na maji, na kwamba ruzuku hiyo imekuwa ndogo mno ikilinganishwa na fedha zinazotoka Kampala zikiwa tayari zimepangiwa matumizi, hapo mkulima atasikiliza. Madai ni yale yale, ila sasa na yeye yanamhusu. Sharti la orodha linamlazimisha mwenye chama kufanya mapema kazi ambayo angelazimika kuifanya bungeni kwa vyovyote vile.

Bunge la 11, lililochaguliwa 2021, lilikuwa na wabunge 529: wa majimbo 353, wawakilishi wanawake 146 wa wilaya na majiji, na 30 wa makundi maalumu, yaani jeshi, vijana, wafanyakazi, watu wenye ulemavu na wazee. Hata Buganda, yenye wabunge wengi kuliko kanda nyingine yoyote, haifiki theluthi ya hao. Karamoja yenye wilaya tisa haikaribii. Kubadili Katiba kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote. Hakuna kanda itakayopitisha jambo peke yake, iwe na chama chake au isiwe nacho.

Historia yetu ilishajaribu njia hiyo, na inafaa tuitazame bila hasira. Kabaka Yekka, chama ambacho jina lake lina maana ya "Kabaka (mfalme wa Buganda) pekee", ilianzishwa 1961 kwa ajili ya Buganda na heshima ya ufalme wake. Februari 1962 ilikomba karibu viti vyote vya Lukiiko, baraza la Buganda, na Lukiiko ikachagua wabunge 21 wa kuiwakilisha Buganda katika Bunge la taifa. Kwa viti hivyo UPC (Uganda People's Congress), chama cha Milton Obote, iliweza kuunda serikali kwa muungano, na Oktoba 1963 Kabaka Mutesa II akawa Rais. Ukitazama hapo tu, utasema chama cha kanda kimefanikiwa kupita matarajio. Lakini wabunge wa vyama vingine wakaanza kuhamia UPC, na kufikia Agosti 1964 Obote hakuuhitaji tena muungano. Novemba mwaka huo kura ya maoni ikazitoa Buyaga na Bugangaizi, kaunti zilizokuwa chini ya Buganda, na kuzirudisha kwa ufalme jirani wa Bunyoro. Mei 1966 jeshi likavamia Lubiri, kasri la Kabaka, Kabaka akakimbilia Uingereza, na Katiba ya 1967 ikafuta falme zote. Wa kulaumiwa kwa risasi za Lubiri ni waliozifyatua na walioziamuru. Hata hivyo, chama ambacho hakikuwa na wanachama nje ya Buganda, iwe Gulu, Mbale au Mbarara, hakikuwa na wa kukitetea huko siku mshirika wake alipokigeuka. Walioandika Ibara ya 71 waliikumbuka miaka hiyo.

Hii haina maana kwamba chama hakiruhusiwi kuwa na ngome. UPC imebaki na mizizi Lango, huko kaskazini. NUP (National Unity Platform), chama cha Bobi Wine, ilipata wabunge 57 mwaka 2021, na wengi wao walitoka Buganda, ingawa usajili wake ni wa kitaifa kama wa chama kingine chochote. Sheria haimkatazi mpiga kura kupenda anachokipenda. Inachokataza ni chama kumfungia mtu mlango kwa sababu ya alikozaliwa. Vilevile inaruhusiwa kabisa kuchukua dai la kanda na kulifanya sera ya nchi nzima. Uganda Federal Alliance ya Beti Kamya ilifanya hivyo, ikisimama na mfumo wa shirikisho kwa kanda zote. Katika uchaguzi wa Rais wa 2011 mgombea wake hakufika hata asilimia 1 ya kura. Kusajiliwa ni jambo moja, kuungwa mkono ni jingine.

Jambo jingine la kuangalia ni viongozi wa mila. Ibara ya 246 inamzuia mfalme au chifu wa jadi kujiunga na siasa za vyama maadamu yuko kwenye cheo hicho. Kwa hiyo msiwapeleke wazee wenu jukwaani. Mtawatia matatani wao na chama pia.

Sasa tuje kwenye haki yenyewe ya uwakilishi, maana hapa ndipo kanda nyingi hudai kitu kisichowasaidia. Dai linalosikika sana ni "tupeni wilaya". Kweli, kila wilaya mpya huleta kiti cha mbunge mwanamke. Lakini wilaya mpya huja pia na ofisi, magari na mishahara, na mfuko wa taifa hauongezeki kwa sababu mpaka umechorwa. Tena kiti kwa kila wilaya hakina uhusiano na idadi ya watu. Katika sensa ya 2014 Kalangala ilikuwa na watu kama 54,000 na Wakiso karibu milioni 2, na kila moja ilikuwa na mwakilishi mwanamke mmoja. Wilaya hizo zote ziko Buganda. Kwa hiyo anayesema kanda fulani imependelewa inabidi aingie ndani ya kanda hiyo ahesabu, na mara nyingi atakuta aliyepunjwa ni jirani yake mwenyewe.

Kwa maoni yangu, mlango ulio wazi zaidi ni Ibara ya 63, ingawa ni wachache wanaobisha hodi hapo. Inataka majimbo yakaribiane kwa idadi ya watu kadiri inavyowezekana, huku ikiruhusu tofauti kwa sababu ya ukubwa wa eneo, sura ya nchi, msongamano wa watu na njia za mawasiliano. Eneo kama Kaabong, huko Karamoja, lenye watu waliotawanyika na barabara ngumu, linaweza kujenga hoja juu ya maneno hayo. Baada ya matokeo ya sensa kuchapishwa, Tume ya Uchaguzi hupewa miezi 12 kupitia upya majimbo. Ibara ya 64 nayo inampa asiyeridhika na mipaka iliyochorwa haki ya kukata rufaa mbele ya baraza la watu watatu linaloteuliwa na Jaji Mkuu.

Wabunge wa Acholi, Teso, Karamoja, Buganda na kwingineko wana umoja wao wa kanda unaovuka vyama, na huo haukatazwi na sheria yoyote. Udhaifu wake ni kwamba mara nyingi hukutana baada ya uchaguzi, wakati mwananchi hana tena la kumshikia mbunge. Wapiga kura wa kanda wanaweza kuandika madai matatu au manne kabla ya kampeni, yenye tarakimu na ibara, wakamtaka kila mgombea wa kila chama ayatie saini mbele ya watu. Nakala moja ibaki kwa mwenyekiti wa kijiji, nyingine makao makuu ya wilaya, na nyingine ipelekwe kwa wapiga kura wa wilaya ya mbali yenye shida kama hiyo, ili nao wamwekee mgombea wao karatasi ile ile mezani.