Mono, Fagio na Kengele: Dhana Potofu Kuhusu Desturi za Shule

Kila wanafunzi wapya wanapojiunga na shule za bweni, wazazi wa Nairobi wanaosindikiza masanduku hadi vituo vya mabasi hurudia neno moja kwa hofu: mono. Hilo ndilo jina ambalo wanafunzi wakubwa humpa mgeni, na dhana inayoambatana nalo, ambayo nimeisikia hata kwa watu wazima ninaowaheshimu, ni kwamba mgeni akisumbuliwa kidogo hukomaa, na kwamba taabu waliyoipitia pamoja ndiyo huwafanya wanafunzi kuwa ndugu.

Ukweli nilioujua mwenyewe ni tofauti. Usiku wangu wa pili shuleni niliamriwa kupima urefu wa bweni kwa njiti ya kiberiti, nikiwa nimepiga magoti kwenye saruji huku vijana wa kidato cha tatu wakihesabu kwa sauti, na kila nilipokosea nilirudishwa mlangoni kuanza upya. Sikupata rafiki hata mmoja miongoni mwa waliokuwa wakihesabu. Nilichopata ni woga, na mwaka uliofuata baadhi ya wenzangu waliwatoa wageni kitandani ili wapime bweni lilelile. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kuteswa au kudhalilishwa kwa namna yoyote, iwe ya kimwili au ya kisaikolojia, kwa hiyo anayesema kwamba hiyo ni desturi ya shule tu hana pa kujificha.

Tena si kweli kwamba mgeni hupokewa hivyo kila mahali. Nchini Urusi, masomo yanapoanza tarehe 1 Septemba, mvulana wa darasa la mwisho humbeba begani msichana wa darasa la kwanza na kuzunguka naye uwanjani, mtoto akitikisa kengele iliyofungwa utepe, na mlio huo ndio unaofungua mwaka. Mkubwa kuliko wote na mdogo kuliko wote huwekwa mbele ya shule nzima kama watu wa nyumba moja. Ujerumani nayo humpa mtoto anayeanza darasa la kwanza mfuko mrefu wa karatasi ngumu wenye umbo la koni, uliojazwa peremende na kalamu.

Dhana nyingine inahusu Japani: kwamba watoto husafisha shule kwa sababu hakuna mtu mzima aliyeajiriwa kuitunza. Shule za huko huwa na wafanyakazi wa matengenezo, na usafi wa watoto ni sehemu ya malezi. Huinama wakasukuma vitambaa vyenye maji kwenye sakafu ya ukumbi kwa mstari, na katika baadhi ya shule makundi huchanganya madarasa ili mkubwa amfundishe mdogo kukamua kitambaa. Wakati wa chakula cha mchana, wenye zamu huvaa aproni na kofia, wakawapakulia wenzao, kisha mwalimu akala pamoja nao darasani. Hapa kwetu pia wanafunzi hufagia, lakini mara nyingi fagio, panga la kufyekea nyasi na ndoo ya kusafishia vyoo hukabidhiwa aliyechelewa au aliyepiga kelele. Kazi ikishakuwa adhabu, mtoto hujifunza kwamba anayesafisha ni mkosaji, na nadhani hilo linatudhuru kuliko tunavyokubali.

Wapo pia wanaoamini kwamba desturi njema ni ile ya kale isiyoguswa. Nchini Norwei, maandamano ya watoto wa shule ya tarehe 17 Mei, Siku ya Katiba, yalianza mjini Oslo, uliokuwa ukiitwa Christiania, mwaka 1870, yakiwa ya wavulana peke yao, na wasichana waliingia mwaka 1889. Leo hakuna anayeweza kuyafikiria bila wao. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, wakati wa ukoloni, na sasa mtoto wa Nairobi ambaye hajawahi kufika Kakamega anaweza kushinda muhula mzima akijifunza mdundo wa isukuti, ngoma ya huko, na maneno ya lugha isiyo ya kwao, kwa sababu kwaya inamhitaji.

Kuhusu sare nitasema machache. Husemekana kwamba hufuta tofauti za utajiri, lakini viatu na sweta iliyopauka huzionyesha wazi, na bei yake humwelemea mzazi.

Siku ya kuwatembelea wanafunzi, binti yangu, ambaye yuko Gredi ya 10, alinivuta mkono hata kabla ya kufungua chakula nilichombebea. Alitaka nimsalimie msichana wa kidato cha tatu aliyemwonyesha namna ya kutandika kitanda, akamshikia nafasi kwenye foleni ya bwalo na kukaa naye usiku alipolia kwa kukumbuka nyumbani. “Baba,” akasema, “huyu ndiye mama yangu wa shule.” Tukamkaribisha, tukala chapati watatu.