Kukagua faili za hifadhidata ikiwa imezimwa: maana yake

Ukisikia faili za hifadhidata zinakaguliwa "nje ya mtandao", usifikirie intaneti. Maana yake ni kwamba hifadhidata yenyewe imezimwa, na zana ya pembeni inasoma faili zake moja kwa moja kwenye diski kutafuta palipoharibika.

Faili hizo hugawanywa katika kurasa za ukubwa sawa: kwa kawaida baiti 8,192 kwenye PostgreSQL, 16,384 kwenye InnoDB, sehemu ya MySQL inayohifadhi data (PostgreSQL na MySQL ni programu za hifadhidata). Ukurasa unapoandikwa, hifadhidata hupiga hesabu juu ya baiti zake na kuhifadhi jibu humohumo. Hiyo ndiyo namba ya uhakiki. Zana hurudia hesabu. Majibu yasipolingana, ukurasa umeharibika. PostgreSQL huingiza hata namba ya ukurasa katika hesabu, na hilo nalipenda sana: ukurasa mzima kabisa, ila umeandikwa mahali pa mwingine, nao hunaswa.

Kwa nini izimwe? Ikiwa inafanya kazi, unaweza kusoma ukurasa nusu yake mpya, nusu ya zamani, ukadhani umeoza. Tena izimwe vizuri. Umeme ukikatika ghafla, kurasa zilizoandikwa nusu huweza kurekebishwa kutoka kwenye kumbukumbu za mabadiliko hifadhidata inapowaka tena. Zana ya PostgreSQL ya ukaguzi huu, pg_checksums, hukataa kufanya kazi seva isipozimwa ipasavyo.

Ukitengeneza ya kwako, fungua faili kwa kusoma tu, kamwe usiandike. Usiishie kwenye kosa la kwanza. Taja faili, ukurasa na mahali ukurasa huo unapoanzia. Kwa PostgreSQL, ukurasa wa 1,207, ukihesabu kuanzia 0, huanza kwenye baiti ya 9,887,744 ya faili. Ukikuta ukurasa wa sufuri tupu, uruke: kwa kawaida ni nafasi iliyotengwa ambayo bado haijatumika. Wengi hukosea hapo, wakatoa tahadhari za uongo.

Kuna uharibifu usioonekana kwa njia hii. Diski ikidai imeandika kumbe haikuandika, ukurasa wa zamani hubaki na namba yake sahihi, nao utapita. Faharasa (orodha ya kutafutia data haraka) isiyolingana na jedwali lake itapita pia.

Zana hii haitengenezi kilichoharibika. Utarudi kwenye nakala rudufu, na kama ilichukuliwa baada ya uharibifu, huenda imebeba ukurasa uleule mbovu. Mimi hukagua nakala yenyewe kwanza, kabla sijaigusa seva.