Je, wajua kwa nini tablo, yaani picha, ya rangi za mafuta haikauki kama shati kwenye kamba?

Mwezi wa saba huku Lubumbashi, shati la jinzi linaloanikwa saa nne asubuhi unaweza kulivaa saa saba mchana. Hewa ni kavu hadi midomo inapasuka. Kwa hiyo mwaka nilioanza kujifunza kuchora wanyama kwa rangi za mafuta nilipiga hesabu ya haraka: kama jinzi zito linakauka kwa saa tatu, tablo yangu ndogo ya korongo taji, yenye rangi nyembamba kuliko siagi juu ya mkate, itachukua muda gani? Nikaibana kwa vibanio viwili kwenye kamba ya nguo, katikati ya mashuka ya mama, nikaenda zangu.

Siku ya tatu nilimgusa korongo mgongoni, kidole kikatoka na kijivu. Siku ya nne upepo ulileta vumbi la barabara yetu, na korongo akageuka rangi ya tofali. Nilimpelekea mzee aliyekuwa akinifundisha, nikamlalamikia kwamba rangi niliyouziwa ni mbovu. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Mwanangu, nani alikuambia rangi ya mafuta inakauka?"

Hakuwa akitania. Neno "kukauka" ndilo linalotupoteza, maana tunalitumia kwa mambo mawili yasiyofanana hata kidogo. Shati linakauka kwa sababu maji yanaliacha: yanageuka mvuke, yanachukuliwa na upepo, nguo inabaki peke yake. Rangi ya mafuta haina maji ya kuondoka. Ni unga wa rangi uliosagwa na kukandwa ndani ya mafuta, mara nyingi mafuta ya mbegu za kitani, mmea uleule ambao nyuzi zake hufumwa kuwa nguo. Mafuta hayo hayageuki mvuke. Yanabaki palepale ulipoyapaka, na badala ya kutoa kitu hewani, yanachukua kitu kutoka hewani.

Kitu hicho ni oksijeni. Molekuli za mafuta ya kitani ni minyororo mirefu, na kwenye minyororo hiyo kuna mahali fulani ambapo kaboni zimeshikana kwa namna inayoacha nafasi ya kushikwa na kitu kingine. Oksijeni inaingia hapo. Kisha mnyororo ulioguswa unajifunga kwa jirani yake, na jirani kwa mwingine, mpaka kile kilichokuwa kimiminiko kinakuwa wavu mmoja, wenye mafundo pande zote, kama nyavu za wavuvi wa Ziwa Mweru. Unga wa rangi unanaswa ndani ya wavu huo na hautoki tena. Ukitaka kuhakikisha, paka mafuta ya kitani kwenye kipande cha kioo, kipime kwa mizani inayohisi hata uzito mdogo sana, kisha kipime tena baada ya siku kadhaa. Shati likikauka linapungua uzito. Kioo chako kitakuwa kimeongezeka.

Jikoni jambo hili lipo kila siku, ila hatulipi jina. Angalia shingo ya chupa ya mafuta ya alizeti iliyokaa miezi: utakuta gundi ya njano inayonata, isiyotoka kwa maji. Ni wavu huohuo, umeanza kufumwa lakini haukumalizika, kwa kuwa alizeti ina nafasi chache kuliko kitani. Mawese, kwa upande wake, yakidondokea shati yatabaki mafuta mpaka siku ya kulitupa. Minyororo yake mingi imejaa tayari, oksijeni haipati pa kushika. Ndiyo maana hakuna mchoraji anayesagia rangi ndani ya mawese au mafuta ya karanga, hata kama huku kwetu ni rahisi kuyapata kuliko ya kitani. Nimewahi kujaribu karanga kwa ajili ya kubana matumizi. Majani niliyochora yanateleza hadi leo.

Basi upepo wangu mkavu wa kiangazi haukusaidia chochote? Kidogo sana. Kinachoharakisha kazi hii ni mwanga, joto, na hewa safi inayozunguka. Baridi inaichelewesha, na usiku wa Lubumbashi katika mwezi wa sita na wa saba ni wa kulalia blanketi mbili. Tablo inayofungiwa kabatini hupata balaa jingine: mafuta ya kitani gizani hugeuka manjano, na weupe wa manyoya ya ndege unakuwa kama meno ya mvutaji. Bahati nzuri, ukiirudisha karibu na dirisha, sehemu kubwa ya umanjano huo hufifia yenyewe.

Sasa twende kwenye jambo ambalo kwangu lilikuwa tamu kuliko yote, nalo linatuhusu sisi watu wa Katanga hasa. Rangi zote hazikauki kwa mwendo mmoja, hata zikiwa na mafuta yaleyale. Udongo wa kahawia ambao kwenye tyubu huandikwa terre d'ombre unaweza kushika kwa siku moja au mbili. Nyeusi ya mifupa iliyochomwa, pamoja na nyeupe ya titani, zinaweza kukaa wiki nzima au zaidi. Sababu ni madini. Baadhi ya metali hufanya kazi ya mshenga kati ya mafuta na oksijeni: zinaharakisha ndoa bila zenyewe kuolewa. Udongo ule wa kahawia una manganizi ndani yake. Na mshenga hodari kupita wote ni kobalti.

Kobalti! Ile inayochimbwa Kolwezi na Likasi, inayopita mbele ya nyumba zetu kwenye malori usiku na mchana. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, na manganizi imechimbwa Kisenge. Bluu ya kobalti, iliyotengenezwa na mkemia Mfaransa Louis Jacques Thénard mwaka 1802, inajulikana kwa wachoraji kuwa rangi inayowahi kukauka. Na ile chupa ndogo ya sikatifu ambayo mafundi wa kupaka milango hudondoshea rangi ili iwahi, mara nyingi siri yake ni chumvi ya kobalti. Inasafirishwa mbali, inarudi ndani ya chupa, tunainunua ghali. Hayo tuyaache, si mada ya leo.

Kwa mchoraji wa wanyama, tofauti hizi si udadisi tu. Chukua punda milia, wale wa mbuga ya Upemba. Anayeanza atafanya nilivyofanya mimi: mwili mzima mweupe, kisha milia myeusi iliyotolewa moja kwa moja kwenye tyubu. Hapo umeweka rangi mbili za polepole sana, moja juu ya nyingine. Nyeusi ya mifupa hunywa mafuta mengi. Inabaki laini wiki baada ya wiki, na kitu chochote kinachowahi kukauka juu yake kitapasuka, kwa sababu chini bado kunatembea. Mzee alinifundisha kuichanganya nyeusi mwenyewe: terre d'ombre na bluu nzito ya ultramarini. Inakauka mapema, halafu ina uhai. Ukimtazama punda milia akiwa juani, mlia wake si mweusi wa makaa. Upande wa mgongo una ubluu wa mbingu, upande wa tumbo una ukahawia wa ardhi.

Kutoka hapo ndipo inapatikana sheria ambayo kila mwanafunzi huimbishwa: rangi konda chini, rangi nono juu. Konda ni ile iliyopunguzwa kwa terebentini, kimiminiko cha kuyeyushia rangi, yenye mafuta machache; inashika haraka. Nono ni ile iliyoongezewa mafuta ya kitani. Inachelewa na inabaki na unyumbufu. Nilikuwa naifuata kama amri ya kanisani mpaka nilipoelewa habari ya wavu. Tabaka la chini likiwa nono, litaendelea kuvuta oksijeni na kubadilika umbo huku la juu limeshakuwa gumu. La juu halina pa kwenda ila kupasuka. Fundi anayepiga lipu ngumu juu ya udongo uliolowa anaujua mwisho wake.

Sikatifu nayo ilinipa somo la aibu. Mwezi wa nane na wa tisa, kabla ya tone la kwanza la mvua, miti ya miombo nje ya mji huchipua majani mapya, na majani hayo hayaanzi na kijani. Yanaanza mekundu, ya shaba, ya waridi, msitu mzima kama unaungua bila moshi, na vichuguu vikubwa vimesimama katikati kama walinzi. Haichukui muda kabla kijani hakijafunika kila kitu. Nilitaka kuukamata wekundu ule na kurudia tabaka kesho yake, nikamimina sikatifu bila kupima. Asubuhi uso ulikuwa mkavu. Jioni ukaanza kujikunja kama utando wa maziwa yaliyochemshwa. Kobalti hufanya kazi zaidi juu, oksijeni ilipo. Ngozi ilijifunga, ikatanuka, na chini yake rangi ilikuwa bado mbichi kabisa. Matone mawili matatu yangetosha, au bora zaidi, subira tu na rangi nyembamba.

Maana ucheleweshaji huu tunaoulalamikia ndio uliowafanya wachoraji waipende rangi ya mafuta tangu mwanzo. Rangi ya maji hukupa dakika chache; ukikosea, umekosea. Rangi ya mafuta inakupa siku nzima ya kubadili mawazo. Anga la jioni nyuma ya bomba refu la kiwanda cha shaba linahitaji njano iingie kwenye zambarau bila mpaka, na hilo linawezekana tu zote mbili zikiwa mbichi. Manyoya ya swala vilevile: unavuta burashi kavu kutoka kwenye kahawia hadi kwenye nyeupe, na ukingo unalainika wenyewe.

Mji huu uliwahi kuona hilo likifanywa kwa namna ya pekee. Mwaka 1946, ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyojulikana kama Hangar. Hakuwalazimisha vijana wake kufuata kanuni za shule za Ulaya. Aliwaacha watafute njia kutoka kwenye macho na kumbukumbu zao. Pilipili Mulongoy akawa mchoraji wa ndege, samaki na nyoka, majani nyuma yao yakiwa nukta kwa nukta. Mwenze Kibwanga akajenga watu na wanyama kwa mistari mifupi iliyolazwa upande. Bela Sara akaiweka burashi kando na kuchora kwa ncha za vidole. Kidole juu ya rangi! Jaribu kufikiri hilo kwa rangi inayokauka ukiwa bado unatafuta umbo la mguu wa mnyama.

Kuna jambo moja la kuliweka wazi kuhusu kitambaa. Wachoraji wa mitaani wa mji huu, wale wa mamba muntu, yule nusu mwanamke nusu samaki, na tablo za ukumbusho za sebuleni, walijua kutumia magunia ya unga badala ya turubai ya dukani, na hakuna ubaya. Lakini usipake mafuta moja kwa moja kwenye kitambaa kitupu. Mafuta yanayofuma wavu yanatoa pia asidi inayokula nyuzi polepole. Paka kwanza rangi nyeupe ya msingi, tabaka mbili, iwe ukuta kati yao.

Na vitambaa vya kufutia burashi usivifinyange na kuviacha kwenye kona. Mafuta yakivuta oksijeni hutoa joto. Kwenye tablo, joto hilo linapotea hewani. Ndani ya kitambaa kilichokunjwa linakusanyika mpaka kitambaa kinaweza kuwaka chenyewe, bila kiberiti. Mzee alikuwa na ndoo ya maji yenye kifuniko karibu na mlango, na aliyesahau kutumbukiza kitambaa chake alisindikizwa nyumbani.

Mvuke wa terebentini unahitaji dirisha wazi. Vanishi inahitaji miezi sita hadi mwaka, kwa maana hata tablo isiyoacha alama kidoleni bado inafuma ndani.

Korongo wangu hakuokolewa. Nilijaribu kupangusa vumbi kwa kitambaa laini, nikakuta limeshaingia ndani ya wavu pamoja na rangi. Kulitoa ni kumtoa na korongo. Mzee aliniambia nimwache hivyo, na kuanzia hapo niegemeze tablo mbichi ukutani, uso ukiinamia chini kidogo, ndani ya nyumba yenye mwanga. Leo korongo yupo sebuleni kwa mama. Wageni huuliza kwa nini ndege wa kijivu ana wekundu kifuani, na mama huwajibu kwamba ametembea kwa miguu kutoka Kipushi.