Kipuri kikibadilika, kipewe namba mpya lini?

Nikiitwa kukagua mfumo wa kutunza michoro ya kihandisi, kitu cha kwanza ninachoonyeshwa ni herufi za matoleo, zile zinazosonga mbele kila mchoro unapobadilishwa: A, B, C, zimepangwa vizuri. Sina ugomvi nazo. Kiwango cha Marekani cha ASME Y14.35 huruka herufi I, O, Q, S, X na Z, maana nyingi kati yake husomwa kimakosa kama tarakimu, na baada ya Y hufuata AA. Programu yoyote ya leo hufanya hayo yenyewe. Mimi huuliza jingine: ni mabadiliko gani mnayaandika kwa herufi tu, na yapi mnayapa namba mpya ya kipuri?

Kipimo changu ni sanduku la stoo. Changanya vipuri vya zamani na vipya humo, fundi achukue chochote bila kutazama. Mashine ikikubali, na ikafanya kazi ileile kwa usalama uleule, badilisheni toleo. La sivyo, namba mpya, hata kama tofauti ni milimita chache.

Milimita chache ndizo zilizoiponza General Motors. Swichi ya kuwashia magari kama Chevrolet Cobalt ilikuwa legevu. Funguo ikiguswa tu iliweza kurudi nyuma, injini ikazimika gari likiwa mwendoni na mifuko ya hewa isifunguke. Mwaka 2006 badiliko liliidhinishwa: kipini cha ndani kinachosukumwa na springi kikafanywa kirefu zaidi ili swichi ikaze. Kihandisi lilikuwa badiliko zuri. Namba ya kipuri ikabaki ileile.

Kuanzia hapo, kwenye kumbukumbu, swichi mbovu na swichi nzima zilikuwa kitu kimoja. Wachunguzi waliona magari ya miaka ya baadaye hayana shida hiyo na hawakupata sababu, kwa kuwa rekodi iliwaambia hakuna kilichobadilika. Ukweli ulijitokeza baada ya mhandisi katika kesi ya madai kufungua swichi mbili na kuzilinganisha. Magari yaliporudishwa kurekebishwa mwaka 2014, kampuni ililazimika kuongeza hata ya 2008 hadi 2011, yaliyotoka kiwandani na swichi nzuri, kwa sababu huenda gereji ziliyafungia swichi za zamani wakati wa matengenezo. Jumla yakawa kama milioni 2.6. Mfuko wa fidia ulihusisha vifo 124 na kasoro hiyo.

Naelewa kwa nini watu huikwepa namba mpya. Inagusa orodha ya vipuri ya kila mashine inayokitumia, vitabu vya matengenezo, oda zilizokwisha kwenda kwa msambazaji. Herufi inamalizwa kwa saini moja mchana huohuo. Ndiyo maana uamuzi huu nisingemwachia mchoraji peke yake. Fomu ya ombi la mabadiliko imlazimishe mwombaji kueleza kipuri kinatumika wapi kwingine, na kama vilivyopo stoo vitumike hadi viishe, virekebishwe au vitupwe. Mtu wa stoo na wa matengenezo waisome kabla ya idhini. Nimeona fomu nyingi zenye saini za wahandisi watatu na hakuna hata moja ya mtu anayeshika kipuri chenyewe.

(Kila mara mchoraji anapohifadhi faili lake si toleo. Hizo ni nakala za kazi. Mfumo uziweke, lakini karakana isizione.)

Halafu kuna suala la badiliko lianze lini. Wengi huandika tarehe. Mzigo ukichelewa, tarehe hiyo inapita huku karakana ikiendelea kufunga vya zamani, na rekodi inadanganya. Kwa mashine zenye namba zake, naandika namba ya mashine ya kwanza kufungwa kipuri kipya, na anayeithibitisha ni msimamizi wa karakana baada ya kukifunga.