Asilimia ya utawala haikwambii kitu

Nakagua hesabu za mashirika ya misaada, na wanaotaka kuchanga huwa wananiuliza swali lilelile: asilimia ngapi inaishia ofisini? Wakisikia 8 wanafurahi, wakisikia 30 wanaguna na kuondoka. Jamani, hiyo namba mi naijua inavyopikwa.

Chukua dereva tu. Asubuhi kapeleka dawa zahanati, mchana kampeleka mkurugenzi benki, jioni gari liko gereji, sasa mshahara wake uandikwe mradi au utawala? Anayeamua ni mhasibu, na kwa kuwa anajua wafadhili wanaangalia nini basi dereva anakuwa "mradi" mwaka mzima, mlinzi naye, na nusu ya kodi ya ofisi, na mara nyingi hapo hamna sheria iliyovunjwa. Ndo maana mashirika mawili yenye kazi moja yanatoka na asilimia tofauti kabisa.

Mwaka 2013 GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, yaani haohao wa Marekani ambao wachangiaji walikuwa wanawategemea kwa hizi namba, waliandika barua ya wazi kusema asilimia ya utawala peke yake ni kipimo kibovu. Na bado naulizwa.

Shirika likishaiogopa hiyo namba linaanza kukata, na wa kwanza kukatwa ni mtu wa ufuatiliaji, yule anayerudi baada ya mwaka kuangalia kama kile kitu bado kinafanya kazi. Mnakumbuka PlayPump, ile pampu ya maji inayozungushwa na watoto wakicheza? 2006 zilitangazwa dola milioni 16.4 kutoka serikali ya Marekani na wahisani, picha zilipendeza kweli, halafu pampu zikaharibika zikakaa bila fundi na kwingine akina mama ndo wakawa wanalizungusha lile gurudumu wenyewe. Hapo hata kama kila senti ingeenda "mradini" ingesaidia nini?

Mimi naomba daftari la malalamiko. Likiwa tupu naanza kuwa na wasiwasi, maana watu wanaohudumiwa huwa wana ya kusema, ila pengine hawajui waseme kwa nani au wanaogopa kufutwa kwenye orodha. Likiwa limejaa nasoma safu ya pili, mlifanya nini baada ya hapo. Nauliza pia mradi gani mliuacha na kwa nini, na anayenijibu "hatujawahi" simwamini.

Sasa ukiridhika, toa hela isiyofungwa na masharti, hata kidogo kidogo kila mwezi, itawafaa kuliko kitita cha mara moja kilichoandikwa "madawati tu", maana hayo madawati yanahitaji mtu wa kuyapeleka na huyo mtu anakula.

Asilimia sijaitupa kabisa lakini. Ukikuta sehemu kubwa ya michango, mwaka hadi mwaka, inaishia kwa kampuni ya kuchangisha na kampuni yenyewe ni ya shemeji wa mkurugenzi, funga pochi.