Eti kwenda nje ya nchi mpaka uwe na hela ya ndege?

Jamani hii ya kusema kutembea nje ni kwa wenye hela ya ndege, sisi wa Mbeya tuiache kabisa. Panda gari Uyole, pita Tukuyu migomba kushoto kulia, ukifika Kasumulu unavuka mto Songwe na tayari uko Malawi, saa unairudisha nyuma lisaa limoja, halafu Karonga unakuta Wangonde wanaongea lugha inayokaribiana sana na Kinyakyusa yaani bibi yangu angepiga nao stori bila mkalimani, hapo ndo huwa napapenda mno. Matembezi mafupi Mtanzania haulizwi viza, na Zambia kupitia Tunduma ni hivyohivyo. Kinachouma ni pasipoti, 150,000, ila unakaa nayo miaka 10. Kwacha badilisha kidogokidogo, na uzihesabu mwenyewe kabla hujaachia shilingi zako.